Halima wa Jikoni: Kumwigiza Mpishi wa Livingstone Pale Ujiji

Mgeni akifika Ujiji huonyeshwa miembe, huonyeshwa mnara wa kumbukumbu, kisha huingizwa makumbusho kutazama sanamu za wazungu wawili, Livingstone, mmisionari na mpelelezi, na Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuja kumtafuta. Atauliza kama mwembe ule ndio wenyewe. Ataambiwa wenyewe ulishakufa zamani, hii ni watoto wake. Atapiga picha mbili tatu, kisha atarudi Kigoma mjini kula mgebuka. Jikoni hapelekwi, na siwezi kumlaumu anayetembeza wageni, kwa sababu jiko halipo. Siku zenye onyesho jiko nalibeba mimi: mafiga, chungu, mkungu wa kufunikia, ungo, kinu na mwiko. Siku hizo naitwa Halima, mpishi wa Daktari.

Halima si mtu wa kutungwa. Stanley alimtaja kwa jina katika kitabu alichochapisha mwaka 1872, na Livingstone mwenyewe alimwandika katika shajara zake za mwisho, zilizohaririwa na Horace Waller na kutoka mwaka 1874. Alikuwa mwanamke wa Kimanyema, kutoka ng'ambo ya ziwa, na mumewe alikuwa Amoda, mmoja wa wanaume waliomfuata Livingstone kwa miaka mingi. Yote hayo utayasoma na kuyamaliza kabla chai haijapoa.

Mimi nami nina Umanyema kwa upande wa bibi mzaa mama, kama walivyo watu wengi wa Ujiji, na wengi hudhani nilimchagua Halima kwa sababu ya damu. Hapana. Nilimchagua kwa sababu ya kuchungulia.

Stanley anasimulia kwamba wakati yeye na Livingstone wamekaa barazani wanakula, mpishi alikuwa hatulii. Kila mara alitoa kichwa nje ya jiko kuhakikisha kwamba kweli pale barazani kuna wazungu wawili, mahali alipozoea kumwona mmoja tu, tena mmoja asiyekula. Jambo hilo lilikuwa limemkaa rohoni. Alihofu kwamba bwana hauthamini upishi wake. Sasa anaona sahani zinakwenda zimejaa na kurudi tupu, na haamini. Niliposoma kipande hicho nilicheka peke yangu, kwa sababu mwanamke huyo namjua. Yupo katika kila nyumba yenye mgonjwa. Anapika, chakula kinarudi kama kilivyokwenda, na hakuna anayekumbuka kumwambia kwamba tatizo ni homa, si chumvi.

Na mgonjwa wake alikuwa hoi kweli. Livingstone aliingia Ujiji Oktoba 1871 akitokea Manyema, amebaki mifupa, moyoni amebeba mauaji ya soko la Nyangwe ya tarehe 15 Julai mwaka huo, ambapo watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua bunduki katikati ya soko, na wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Alitegemea kukuta bidhaa zake Ujiji. Akakuta Sherif, aliyekabidhiwa kuzitunza, ameshaziuza zote. Bidhaa zama hizo ndizo fedha: nguo na shanga. Usipokuwa nazo, sokoni Ujiji hununui hata dagaa. Kwa hiyo jiko la Halima lilikuwa jiko la mtu aliyefilisika, na hilo ndilo ninalotaka mtazamaji alione kabla hajaona kofia ya mzungu yeyote. Onyesho letu halianzi na bendera ya Marekani. Linaanza na mimi nimekaa kwenye kibao, napepeta mtama kidogo katika ungo mkubwa.

Hapo huwa sisemi kitu. Upepo wa ziwani unachukua makapi unayapeleka kwa watu wa mstari wa mbele, nao wanajifuta macho na kunung'unika. Vizuri. Mtu aliyeingiwa na makapi machoni ameshakuwa mtu wa uani pale. (Ziwa lenyewe siku hizi liko mbali kidogo na mahali pale, na watoto huuliza kama Livingstone alipenda kutembea umbali wote ule kwenda kuoga. Maji ya Tanganyika yalikuwa juu zaidi wakati ule. Yaliendelea kupanda hadi kwenye mwaka 1878, kisha mto Lukuga ulipofunguka upande wa magharibi yakashuka sana.)

Maleba ndiyo yaliyotugombanisha kuliko kitu kingine chochote. Wenzangu walitaka nivae kanga. Mpishi, Mswahili, kanga, nani atapinga? Nilipinga mimi. Kanga hizi zetu zenye jina pindoni ni za baadaye. Mwaka 1871 misafara ilileta bara merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Marekani, na kaniki, nguo iliyotiwa nili iliyotoka India. Kaniki bado zinauzwa, basi nikaenda kuitafuta sokoni Mwanga. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akaikunjua, akanitazama, akashusha sauti.

"Mama, samahani. Ni ya matumizi ya nyumbani, au umeagizwa na mganga?"

Nikamwambia nimeagizwa na daktari. Sikudanganya.

Shanga ni habari ndefu. Shanga nyekundu, zile zilizoitwa samesame, bado unaweza kupata zinazofanana nazo. Lakini katika soko la Ujiji fedha ya kila siku ilikuwa shanga ziitwazo sofi, ambazo Cameron, mpelelezi Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1874, alisema zinafanana na vipande vilivyovunjika vya mrija wa kiko. Za namna hiyo sijaziona dukani. Mfinyanzi mmoja alinitengenezea za udongo, nami nazihifadhi zimefungwa pindoni mwa kaniki. Wakati fulani wa onyesho nafungua fundo, nazihesabu kiganjani, nazifunga tena bila kununua kitu. Akina mama hucheka hapo. Wanaume wengi hungoja kuona kitakachofuata, hawajui kwamba kimeshatokea.

Livingstone ana bahati, kwa sababu Stanley alimwandika vazi lake lote: kofia ya bluu iliyopauka yenye utepe wa dhahabu uliofifia, kizibao chekundu cha mikono mirefu, suruali ya kijivu ya sufu. Fundi cherehani alishona kizibao kwa siku moja. Utepe wa dhahabu tulitoa kwenye pambo la harusi, tukausugua kwa majivu hadi ukachoka. Stanley naye siku ile alijipamba makusudi kabla ya kuingia mjini. Alivaa nguo mpya, viatu vimepakwa mafuta, kofia yake ngumu imepakwa chaki. Stanley wetu hupaka yake chaki ya ubaoni mbele ya watazamaji, naye hukohoa vumbi lake mwenyewe. Hatumpaki mtu unga usoni. Suala hilo lilijadiliwa jioni moja likafa jioni ileile. Kijana wetu anaingia na sura yake ya Kiha, kofia na kizibao, anatembea kama mtu ambaye magoti yanamuuma, na hakuna mtazamaji aliyewahi kuuliza mzungu yuko wapi.

Kisha mizinga. Kwa kweli zilikuwa bunduki: desturi ya msafara ilikuwa kufyatua risasi za salamu kabla ya kuingia mji, na msafara wa Stanley ulifyatua nyingi. Sisi tunapiga madebe. Stanley aliandika kwamba siku hiyo ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871, ilhali shajara ya Livingstone inaonyesha mwisho wa Oktoba. Homa na safari zilikuwa zimewavuruga hesabu za siku. Tunatumia ya Stanley, kwa kuwa ndiyo watu wameizoea, na kwa sababu mwezi huo shule zinakubali kutuletea watoto.

Mtu wa kwanza kumsalimia Stanley hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyejitokeza katika kundi la watu na kumwamkia kwa Kiingereza hata Stanley akashtuka. Susi akakimbia kumwambia Daktari kwamba kuna mzungu anakuja. Daktari akamuuliza jina la mgeni. Susi hakuwa ameuliza. Akakimbia tena hadi kwa Stanley kuulizia jina. Mwenzetu anayemcheza Susi ni fundi wa baiskeli mwenye mapafu ya kuogelea, na mbio zile za pili, na uso ule wa mtu aliyetumwa na kurudishwa, ndizo zinazoshangiliwa kuliko kukutana kwenyewe. Wazungu wawili wakishashikana mikono, shangwe inashuka. Kila mtu alishajua watakutana.

Ile sentensi ya Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?" (Daktari Livingstone, bila shaka?), tunaisema, ndiyo. Mgeni aliyelipa nauli kutoka Dar es Salaam hawezi kuondoka bila kuisikia. Lakini Livingstone hakuiandika popote katika shajara yake, na ukurasa wa shajara ya Stanley uliohusu dakika zile umechanwa. Hivyo msomi mmoja aliponijia juu kwamba Halima wangu hana ushahidi wa kutosha, nilimuuliza ushahidi wa sentensi ile uko wapi. Akaomba maji ya kunywa.

Sasa niingie kwenye chungu, maana ndiko niliko muda wote huo.

Siku ile chakula cha wageni hakikutoka jikoni kwa Halima. Kilitoka kwa majirani. Said bin Majid alileta mikate midogo ya nyama, ya moto, Mohammed bin Sali kuku wa mchuzi, Mwinyi Kheri nyama ya mbuzi na wali, sahani juu ya sahani, na wale wawili wakawa wanakula tu. Livingstone, aliyekuwa hana hamu ya kula kwa muda mrefu, akala kama mwingine. Stanley akatoa shampeni na vikombe vya fedha alivyovibeba tangu pwani kwa ajili ya siku hiyo. (Sisi tunatumia soda ya tangawizi. Povu ni lilelile.) Mwanzoni tulikuwa tunafanya majirani hao kwa waigizaji watatu wenye vilemba na sinia. Siku moja wawili hawakutokea, na akina mama wa mtaani waliokuja kutazama wakasema tatizo ni nini, wakaenda majumbani wakarudi na walichokuwa nacho: mihogo ya kuchemsha, dagaa waliokaangwa kwa mawese, nusu sinia ya wali. Tangu hapo hatutumii waigizaji. Wanaofika na sahani ndio majirani, wanapita mbele ya watu wote, wanamtolea salamu mgonjwa, nami napokea kila sahani mlangoni nikiwa nimenuna.

Nimenuna kwa sababu mpishi gani anafurahi? Mgeni mkubwa kuliko wote amefika, na kila kinacholiwa kimepikwa na mwenzako. Stanley mwenyewe anaeleza, kwa maneno ya Livingstone, jinsi Halima alivyohangaika tangu bunduki ziliposikika: anatoka jikoni anakimbilia kwa Daktari, anakimbilia uwanjani, anauliza maswali, anarudi, amekata tamaa kwa jinsi ghala lilivyo tupu, lakini anataka kuficha umaskini wa nyumba kwa kuandaa mapokezi ya fahari. Hapo ndipo yanapokuja maneno pekee ambayo kitabu hicho kinamwekea kinywani kwa kirefu. Maana yake ni hii: kwani huyu si mwenzetu? Si ameleta nguo na shanga tele? Waarabu! Waarabu ni nani hata wafananishwe na wazungu?

Niliyaogopa maneno hayo. Yamepita vinywa vingi: Halima alimwambia Livingstone, Livingstone akamwambia Stanley, Stanley akayaandika kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza na Marekani, na yamefika yakiwa yanampendeza kila aliyeyapitisha. Tena ninayasema Ujiji, mbele ya watu ambao babu zao ndio hao Waarabu wanaosemwa, na mbele ya watu ambao babu zao waliletwa hapa wamefungwa kamba na hao hao. Wenzangu walisema tuyafute. Nikakataa tena, maana ukianza kumfutia Halima maneno yake machache atabaki na nini?

Kilichonisaidia ni kuyasema huku nimefunua chungu. Sitazami barazani, natazama ndani. "Si mwenzetu huyu?" na chungu kitupu. "Si ameleta nguo, ameleta shanga?" na unga kidogo uliobaki chini ya kikapu. Papo hapo maneno yanabadilika sura, hayamsifu mzungu tena, yanapiga hesabu ya kesho. Mpishi aliyeona ghala la bwana wake likiuzwa lote na mtu aliyeaminiwa, sasa ameona marobota yanashushwa uani. Angekuja yeyote mwenye marobota yale angekuwa mwenzetu. Na ile "Waarabu ni nani" naisema nikiwa nimeshika sahani ya mbuzi na wali aliyoleta Mwinyi Kheri, naionja kwa kidole, naona ni tamu, ndipo nakasirika kabisa. Siku ya kwanza kuisema hivyo mzee mmoja wa ukoo wa Kiarabu alipiga kofi gotini akasema kwa sauti, "Wivu wa jikoni huo!" Tukaendelea.

Shule zikija, baada ya onyesho watoto huruhusiwa kuuliza. Tuna sheria moja ya mwiko. Nikiushika, anayejibu ni Halima, na Halima hajui lolote la baada ya siku ile. Hajui kama Daktari atakufa, hajui treni, hajui Tanzania ni kitu gani. Nikiuweka chini, najibu mimi. Watoto wanaielewa sheria hiyo haraka kuliko walimu wao, na huitumia kunibana. Atauliza mmoja, "Daktari anakulipa kiasi gani?" nami nikiinama kuweka mwiko chini, darasa zima linapiga kelele, "Usiweke! Usiweke!"

Kuna siku bibi mmoja wa jirani alikuwa amekaa karibu na mafiga tangu mwanzo, ananitazama mikono tu. Wakati wa maswali akainuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtama unausonga kama sembe. Lete hapa."

Akauchukua mwiko. Na mtoto mmoja, msichana wa kama darasa la nne, bila kuchelewa akamgeukia, kwa kuwa sheria ni sheria: "Halima, kwa nini Daktari alikuwa hali?" Bibi hakuuliza Halima ni nani. Aliendelea kusonga. "Mwanaume akiugua ugenini, mwanangu, hali kwa sababu anafikiria kwao. Unampa uji, si ugali. Uji, na unakaa hapo hapo mpaka anywe. Ukiondoka, anamwaga." Maswali yakamiminika. Alijibu yote, na ugali ukaiva kwa kweli, ukaliwa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni sina kazi, nakiri nilinuna kama siku ya sahani za majirani.

Lakini swali moja haliepukiki, na hilo siliruhusu lijibiwe na mwiko. Wewe ni mtumwa? Ulikamatwa wapi? Livingstone, adui wa biashara ya utumwa, aliandika mwenyewe kwamba alimpata Halima kutoka kwa mfanyabiashara huko Manyema, na aliandika kwamba atamwachia huru. Kwa maneno yake mwenyewe, basi, alikuwa hajawa huru. Hapo mwiko unakwenda chini, kila mara. Nawaambia watoto kilichoandikwa na nani aliyekiandika. Kijiji cha kwao sikitaji, mama yake simpi jina, sisimulii usiku wa kukamatwa kwake, ingawa kuna waliotuomba tuweke tukio hilo, na minyororo, na kilio, kwa sababu wageni wangelia. Kilio nakiweza. Ila kuna akina mama Ujiji wenye simulizi zao za namna hiyo, walizopewa na bibi zao, na siwezi kuwasimamia mbele na minyororo ya kubuni.

Tulipoalikwa Tabora tulipanda treni ya Reli ya Kati na vyungu vyetu vimefungwa ndani ya mashuka, tukalala macho kwa kuogopa vivunjike. Makumbusho ya Kwihara iko kilomita chache nje ya mji, tembe lililojengwa upya mahali ambapo Livingstone na Stanley walifikia. Waliondoka Ujiji mwisho wa Desemba 1871, wakafika Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti, miezi mitano na zaidi. Karibu onyesho lote la Kwihara tumelijenga juu ya kungoja huko. Watu wa Tabora wanapenda onyesho refu na hawana haraka, na tembe lenyewe linatusaidia: kuta nene, giza zuri ndani, uani mwanga mkali. Sauti haipotei kama Ujiji. Ukinong'ona mlangoni, mtu wa mwisho anakusikia.

Na Kwihara ndipo penye tukio ambalo ningemcheza Halima kwa ajili yake tu. Katika miezi ile ya kungoja aligombana na mwanamke mwingine wa msafara, Ntaoeka, naye Mmanyema. Akatoroka. Livingstone akaenda kwa Sultan bin Ali, Mwarabu wa hapo, wakatuma barua imfuate. Lakini Halima alirudi mwenyewe. Akafika, akasimama nje. Hakuingia. Alitaka jambo moja: Daktari atoke, amwambie ingia. Daktari akatoka, akamwambia, akaongeza kwamba wasigombane tena. Kisha akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi, kumwonyesha kwamba hana kinyongo.

Kwa hiyo nasimama nje ya ukuta wa tembe, kwenye jua la Tabora, na Livingstone ndani haharakishi. Tumewahi kukaa hivyo hadi watazamaji wakaanza kumwita wao. "Daktari, toka!" "Mtu kasimama juani huku!" Mama mmoja wa Kinyamwezi alinijia akanisimamia ubavuni, akawa anangoja pamoja nami, kimya, mikono kiunoni. Kila mmoja pale anajua kusimama huko ni kufanya nini. Umerudi, lakini hujarudi kwa miguu yako tu, unataka uitwe. Mwanamke ambaye karatasi zinasema ni mali ya mtu amemfanya mwenye nyumba ainuke na kutoka nje. Na ameinuka.

Katika kurasa hizohizo Livingstone alimsifu sana: msikivu, hodari, hakuwahi kuiba wala hakumwacha mumewe aibe. Akaandika kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili wake juani, wakaubeba, wakapita nao Kwihara ambapo Cameron aliwashauri wauzike hapo, wakakataa, wakafika nao pwani Februari 1874. Huko Uingereza mwili ulizikwa kwa heshima tarehe 18 Aprili mwaka huo katika kanisa la Westminster Abbey. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza na kumsaidia Waller kuziweka sawa shajara. Na Waller, chini ya ukurasa ule wenye ahadi ya nyumba na bustani, aliweka maelezo mafupi kwamba Halima aliufuata mwili wa Daktari hadi Zanzibar, na kwamba ni jambo gumu kuona kifo cha Daktari kimeuacha utumishi wote wa Halima bila malipo.

Maelezo hayo tunayasoma mwishoni pale Kwihara. Anayesoma ni Stanley wetu, kwa kuwa ndiye mwenye Kiswahili cha redioni, na mimi wakati huo naosha vyungu. Tulijaribu kumpa mwisho mwingine: Halima anatazama bahari, Halima anaimba. Tukauacha. Vyungu lazima vioshwe, treni ya kurudi haingoji, na mtazamaji akiniona nasugua masizi huku jina langu linasomwa pamoja na deni lake, sina cha kumwongezea.

Mzozo tulionao sasa ni wa Ntaoeka. Zamani hakuwa na mwigizaji, alitajwa tu. Mwaka huu amejiunga nasi binti mmoja, mwanafunzi wa ualimu, na amelisoma tukio la ugomvi kuliko nilivyolisoma mimi. Anasema karatasi hazisemi waligombana kwa sababu gani, wala nani alianza, na kwamba watu wote wanamhurumia Halima kwa sababu ndiye aliyeondoka. Na yule aliyebaki akapika mwenyewe siku zile, nani anamuuliza? Katika mazoezi, Livingstone anapotoka kuniambia niingie, yeye amekaa mlangoni na ungo wake, ameunyoosha mguu katikati ya kizingiti, hasogei. Daktari ameshaniita. Ntaoeka hajaniita. Wenzangu wanasema nimruke. Mimi nimewaambia tufanye hivyo hivyo mbele ya watu wa Tabora, tuone wao watamwambiaje.